Kuchagua cherehani: vipengele vinavyostahili kulipiwa na vinavyoweza kusubiri

Mwanzisha uzi wa mjadala, Kisumu

Kila mwaka unapofika mwezi wa Novemba, watu wanaotaka kushona sare kabla ya shule kufunguliwa Januari huuliza swali lile lile: ninunue cherehani gani, na katika yote ambayo muuzaji ananisifia, ni lipi linalostahili pesa yangu? Nimeona afadhali nilijibu kwa kirefu mahali pamoja, kwa sababu fedha inayotumika hapa mara nyingi ni mkopo wa chama au akiba ya muda mrefu, na mtu akinunua mashine isiyolingana na kazi yake, deni huendelea hata kazi ikikwama.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayepinga apinge. Cherehani ichaguliwe kwa kuangalia kitambaa kitakachopita chini ya sindano siku nyingi za mwaka, pamoja na fundi atakayeitengeneza ikiharibika. Idadi ya mishono ya mapambo iliyochorwa kwenye kisanduku ije mwisho kabisa. Anayeshona sare, vitenge, mapazia au kanzu za kwaya hutumia mshono mnyoofu karibu kutwa nzima. Baada ya huo anahitaji kuzuia kingo zisifumuke, kushona matundu ya vifungo, na mara moja moja kushona kitambaa kinachovutika. Kipengele kingine chochote kipimwe kwa swali moja tu: je, kuna mteja atakayenilipa kwa sababu ninacho?

Nianze na cherehani nyeusi ya kukanyaga, ile iliyojaa kwenye baraza za maduka ya vitambaa hapa mjini. Vijana wengi wanaomaliza vyuo vya ufundi huiona imepitwa na wakati, lakini ina sifa ambayo mashine mpya nyingi hazina. Umbo lake limetokana na Singer ya aina ya 15, mashine ya mwishoni mwa karne ya 19 ambayo baadaye ilinakiliwa na viwanda vya Japani, Uchina na India. Ndiyo sababu Butterfly ya Shanghai na nyingine zenye majina mbalimbali hutumia bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini) ya aina moja, sindano ya aina moja, na vipuri vingi vya ndani vinavyobadilishana. Sifa hii haionekani siku ya kununua. Inaonekana siku springi ya kasha la bobini inapochoka katikati ya kazi ya mteja, ukavuka barabara, ukanunua kasha jingine, ukarudi kumaliza shati jioni hiyo hiyo. Vyuma vyake vya ndani ni vyuma kweli, wala haijali stima ikipotea. Upungufu wake ni kwamba inashona mshono mnyoofu pekee, mwendo wake unategemea nguvu za miguu, na mwenye maumivu ya magoti au ya mgongo atateseka akiikanyaga kutwa. Hata hivyo, nyingi kati ya hizi hukubali kufungiwa mota ndogo pembeni, na mkanda wa miguu ukabaki kwa ajili ya siku za giza.

Cherehani ya kiwandani ya mshono mnyoofu ni habari nyingine. Juki DDL-8700, kwa mfano, imeundwa kufikia mishono 5,500 kwa dakika, na wauzaji hupenda sana kuitaja kasi hiyo. Mshonaji wa dukani hana haja nayo, na anayejifunza ataharibu kitambaa kwayo. Sababu za kuitaka mashine ya namna hii ni nyingine: mshono unaotoka sawasawa asubuhi hadi jioni, mafuta yanayojipaka yenyewe kutoka kwenye sinia lililo chini ya kichwa cha mashine, na kile chuma cha kusukuma kwa goti kinachoinua mguu wa kubana kitambaa. Hicho cha goti nakisifu bila kusita. Ukifika kwenye pembe ya kola unaiacha sindano ndani ya kitambaa, goti linainua mguu, mikono yote miwili inageuza kola pasipo kuiachilia, kisha unaendelea. Kwa anayeshona mashati mengi, kitu hicho kimoja kinaokoa muda kuliko mapambo yote ya mashine ya nyumbani.

Ukiamua kuchukua ya kiwandani, uliza kuhusu mota kabla ya kuuliza bei. Mota ya klachi huzunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata unapopima kitambaa au kuzungumza na mteja, kwa hivyo hula tokeni bila kushona chochote, na sauti yake haikomi. Mota ya sevo huzunguka pale tu unapokanyaga, na nyingi zina kitufe cha kuweka kikomo cha kasi, jambo linalomsaidia mno mwanafunzi. Ikiwa kipo kipengele kimoja ambacho ningemshauri mtu aongezee pesa, ni hiki.

Sasa cherehani ndogo za nyumbani, zenye mishono 20, 30 au zaidi. Sizidharau. Ndani ya ile mishono yote, inayofanya kazi ya kila siku ni michache: mnyoofu, zigizaga (ule unaokwenda kushoto na kulia), ule wa kitambaa kinachovutika na ule wa tundu la kifungo. Kilicho muhimu zaidi ni uwezo wa kubadilisha wewe mwenyewe urefu wa mshono na upana wa zigizaga, kwa sababu kuna mashine za bei nafuu ambazo mishono imepangwa tayari na huwezi kuirekebisha. Kuweza kupunguza mgandamizo wa mguu wa kubana kitambaa pia kuna maana, hasa kwa satini na shifoni, ambazo huvutwa na kufanya mawimbi zikibanwa kupita kiasi. Vivyo hivyo mkono mwembamba unaobaki ukitoa kisanduku cha mbele, maana mikono ya nguo za watoto haizunguki kwenye meza pana. Zile zenye kioo cha kugusa na bodi ya umeme ndani ningezikwepa kwa mtu anayetafuta riziki, isipokuwa awe na stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme, na amjue fundi anayezifahamu bodi hizo, kwa sababu umeme unaoshuka na kupanda ghafla huiua bodi, na kuipata nyingine kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko subira ya wateja.

Kuhusu kuijaribu mashine, hasa iliyokwisha kutumika, nenda na vitambaa vyako. Chukua kipande cha jinzi, kipande cha popolini na kipande cha fulana, pamoja na uzi wa rangi mbili, mmoja wa juu na mwingine wa bobini. Kabla ya kuwasha chochote, zungusha gurudumu kwa mkono taratibu na usikilize: mzunguko uwe laini mwanzo hadi mwisho, pasiwe na mahali pazito wala sauti ya chuma kugonga chuma. Shika mhimili wa sindano ujaribu kuutikisa upande kwa upande. Ukicheza sana, mashine imechoka. Laza kichwa, utazame chini kama kuna kutu au mafuta yaliyoganda yakawa kama gundi, dalili kwamba mtu aliipaka mafuta ya kupikia. Kisha kunja jinzi iwe tabaka nne ushone pole pole, upande na kushuka ile sehemu nene. Geuza kitambaa: rangi ya uzi wa juu isionekane chini, wala ya chini isionekane juu, kwa kuwa nyuzi zinapaswa kukutana katikati ya vitambaa. Ukiona vitanzi vilivyolegea upande wa chini, mara nyingi shida iko kwenye uzi wa juu, na huenda ni namna ulivyopitishwa tu, kwa hivyo upitishe upya kabla ya kuikataa mashine. Mwisho pitisha ncha ya kucha kwenye meno ya kusukuma kitambaa na ukingoni mwa tundu la bamba la sindano. Meno yaliyolainika yatashindwa kusukuma, na tundu lililochimbwa na sindano zilizovunjika litakata uzi kila wakati.

Mchangiaji, Kakamega

Asante kwa maelezo haya. Mimi nimemaliza mafunzo ya ushonaji mwaka huu, na ninaishi katika chumba kimoja cha kupanga ambacho ndicho pia mahali pangu pa kazi. Naomba kutokubaliana nawe kidogo. Meza ya cherehani ya kukanyaga itachukua nafasi ya kitanda, na wateja wangu wengi ni akina mama wa mtaani wanaoleta nguo za kupunguza, zipu za kubadilisha na magauni ya watoto. Sina ovaloki, ile mashine ya kukata na kukinga kingo, kwa hivyo zigizaga ndiyo inayonikingia kingo. Je, kwa hali yangu bado ungeniambia nianze na ile nyeusi?

Mwanzisha uzi

Hapana, dada yangu, kwa hali yako nisingekuambia hivyo, na hoja yako inakamilisha yale niliyosema kuhusu kuitazama kazi kwanza. Kazi za marekebisho hubadilika saa kwa saa, leo fulana, kesho suruali ya kitambaa kizito, na mashine inayotoka kwenye zigizaga kwenda mnyoofu kwa kugeuza kitufe itakufaa zaidi. Mshono mnyoofu kwenye fulana hukatika mvaaji anapoivuta kichwani, ilhali zigizaga hunyooka pamoja na kitambaa.

Ninalokuomba ni kwamba utafute ya mitambo ya kawaida yenye fremu ya chuma ndani, isiyo na bodi, hata kama ina mishono michache kuliko iliyo karibu nayo rafuni. Inyanyue dukani, ile nyepesi kupita kiasi itatembea juu ya meza ukishona sehemu nene. Uliza pia kama bobini na mguu wake ni vya aina ya kawaida, kwa sababu zipo mashine ambazo vifaa vyake havipatikani nje ya duka lililoziuza. Nunua sindano za ukubwa mbalimbali mapema. Namba 70 au 80 yatosha kwa vitambaa vyepesi, 90 kwa kitenge na popolini nzito, 100 au 110 kwa jinzi. Namba hizo zinaonyesha unene wa sindano katika sehemu za mia za milimita, kwa hivyo 90 ni milimita 0.9. Kwa fulana tafuta sindano yenye ncha ya mviringo, ambayo hupenya kati ya nyuzi badala ya kuzikata. Mashine nyingi zinazolaumiwa kwa kuruka mishono zina sindano iliyochakaa au isiyofaa kitambaa hicho, na mwenyewe ameshamlipa fundi bure.

Kingo zilizokingwa kwa zigizaga zinakubalika kwa nguo za nyumbani. Kwa gauni la harusi au sare ya mkataba, peleka vipande kwa mwenye ovaloki aliye karibu, ulipie kazi hiyo, na gharama uiweke ndani ya bei yako. Vivyo hivyo matundu ya vifungo. Hakuna aibu yoyote katika hilo, na washonaji wengi wa hapa Kisumu hufanya hivyo hivyo.

Mchangiaji, Nakuru

Mimi hushona mapazia na vifuniko vya viti vya magari, na ningependa kuongeza jambo ambalo halijaguswa. Watu huambiwa kwamba cherehani ya kiwandani inashona kitu chochote, wakanunua ile ya mshono mnyoofu ya kawaida na kuileta kwenye turubai na ngozi bandia. Sindano inapenya, naam, lakini tabaka la juu linabaki nyuma kwa sababu meno yanasukuma la chini pekee, na ukifika mwisho wa mshono mrefu utakuta kipande cha juu kimezidi. Kwa kazi hii unahitaji mashine ambayo mguu wake nao unatembea pamoja na kitambaa. Ni ghali zaidi na ni nzito zaidi, lakini hakuna namna ya kulizunguka tatizo hilo ukiwa na kazi nyingi. Kuhusu sevo nakubaliana nawe kabisa. Karakana yetu ilipobadilisha mota, jambo la kwanza tuliloliona ni utulivu, hata mteja akaweza kuzungumza bila kupaza sauti.

Mwanzisha uzi

Nashukuru, mzee wangu. Hilo la mguu unaotembea ni nyongeza ya thamani, na anayetaka kuingia kwenye viti, mikoba au mahema alizingatie kabla ya kitu kingine chochote. Niongeze tu kwamba kwenye mapazia mepesi mtu anaweza kupunguza tatizo hilo kwa kulegeza mgandamizo wa mguu na kurefusha mshono kidogo. Kwenye ngozi bandia haisaidii, maana uso wake wenyewe hugandana na mguu wa chuma. Hapo mguu wa plastiki laini huteleza vizuri zaidi kwa kazi ndogo ndogo.

Mchangiaji, Busia

Shemeji yangu aliye Marekani amejitolea kunitumia cherehani aliyoitumia yeye mwenyewe, na anasema ni nzuri sana. Je, niikubali?

Mwanzisha uzi

Mwombe kwanza akupigie picha ya kibandiko kilicho karibu na mahali pa kuchomeka waya. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 240, na ukiichomeka moja kwa moja mota itaungua. Ikiwa kibandiko kinaonyesha 120 pekee, utahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa wati unaozidi ulioandikwa kwenye mashine, nayo ina uzito wake na bei yake. Tofauti ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, 60 kule na 50 hapa, haizisumbui sana mota ndogo za burashi zilizomo kwenye mashine za nyumbani. Ikiwa ni mashine ya zamani ya chuma ambayo mota yake imefungwa nje kwa skrubu, habari ni njema zaidi, kwa kuwa fundi anaweza kuiondoa pamoja na pedali yake na kufunga za volti 240, bila kusahau balbu, ambayo nayo ni ya 120. Mashine ya namna hiyo ningeipokea kwa mikono miwili. Ile ya kompyuta ningemshukuru shemeji na kumwomba aiuze huko, anitumie pesa.

Mchangiaji, Bungoma

Sisi ni kikundi cha akina mama. Tumeahidiwa kazi ya kushona sare za shule moja ya msingi, na akiba yetu inatosha kununua mashine moja kubwa ya kiwandani yenye mambo yote, ile inayokata uzi yenyewe, au mashine kadhaa za kukanyaga. Wenzangu wamegawanyika na mjadala umekuwa mkali. Tunaomba ushauri.

Mwanzisha uzi

Mama, hongereni kwa kazi hiyo. Mashine moja ikiwa ya wote, wengine watakaa wakisubiri, na ikiharibika wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, kazi yote imesimama. Kile cha kukata uzi chenyewe kina faida kubwa kiwandani, ambako mtu mmoja hushona kipande kimoja mamia ya mara kwa siku. Kwenu mkasi mdogo uliofungwa kwa kamba mezani utaifanya kazi hiyo.

Ningegawanya fedha hivi. Sehemu kubwa iende kwenye mashine za kukanyaga, mpya au zilizotumika zikiwa zimejaribiwa kama nilivyoeleza, zote za umbo moja ili bobini, makasha na sindano vitumike kwa zote. Sehemu nyingine iende kwenye ovaloki moja ya nyuzi tatu au nne, kwa sababu sare hufuliwa kila wiki na kingo zisizokingwa vizuri hufumuka kabla ya muhula kuisha, na mzazi akiliona hilo mkataba hautarudi. Ovaloki hukata ukingo na kuukinga kwa wakati mmoja, lakini haichukui nafasi ya mshono mnyoofu, kwa hivyo isinunuliwe ya kwanza. Itahitaji stima, basi pangeni vipande vipitie kwake kwanza stima ikiwepo, kisha viende kwenye mashine za miguu, ambazo zitaendelea hata ikipotea. Kwa matundu ya vifungo ya mashati yote, tafuteni mtu mwenye mashine maalum mjini mpatane naye bei ya jumla.

Kabla ya kulipa chochote, muulize mwalimu mkuu sampuli ya kitambaa ambacho shule imekubali. Kaki nzito na popolini ya shati hazishonwi kwa sindano moja wala kwa mkazo mmoja wa uzi, na ni vyema mashine mbili zikabaki zimerekebishwa kwa ajili ya kaptura na sketi, nyingine kwa ajili ya mashati, badala ya kila mtu kuzungusha skrubu kila anapobadilisha kipande. Chagueni pia mama mmoja wa kusimamia usafi: kila jioni atoe bamba la sindano, apige mswaki vumbi la pamba lililojikusanya kwenye meno, na adondoshe mafuta meupe ya cherehani pale penye vitundu vya mafuta, kisha ashone kwenye kitambaa chakavu mpaka mafuta yaliyozidi yatoke, yasije yakachafua shati jeupe la kwanza la asubuhi.